Nani Alizinyoa Ndevu za Nahodha?

Rula, fundi seremala, alifika kijiweni na gazeti kwapani, uso umemjaa habari zisizoweza kusubiri kahawa.

"Makosa arobaini na moja! Watazamaji wameyahesabu. Ile tamthilia yetu ya chombo cha angani ni aibu tupu!"

"Na salamu umeiacha kitandani?" akauliza Shemeji, muuza kahawa. Kijiwe kizima kilimwita hivyo, ingawa shemeji wa kweli pale alikuwa mmoja tu: Wembe, kinyozi, aliyemuoa mdogo wake.

Rula akafunua gazeti. "La tatu: kule mwezini kuna jamaa kapita nyuma kabeba ngazi, kavaa kandambili."

"Si mlinzi huyo?" akadakia Betri, fundi simu, ambaye hakuwahi kukubali kosa la kitu chochote chenye kioo. "Mwezi mzima ukae hivi hivi?"

"La tisa: Nahodha kashika kikombe. Kamera imegeuka, imerudi, hana. Kimekwenda wapi?"

"Kimeelea. Angani vitu vinaelea, we vipi?"

"Haya, na la kumi na tisa? Nahodha anaingia mlangoni ndevu zimefika kifuani, anatokea upande wa pili kidevu kinang'aa! Na mlango wenyewe unene wake inchi moja!"

"Huko muda unakimbia. Kaingia Jumatatu, katoka Alhamisi."

"Ndevu huota kwa muda, hazipukutiki!"

Shemeji akatua birika kwa kishindo. "Msinikumbushe. Zile ndevu ndizo zilizokuwa zikinikalisha mbele ya televisheni. Huyo aliyezinyoa, simjui, lakini kahawa yangu hainywi mpaka naingia kaburini."

Wembe akainamia kikombe chake. Aliyezinyoa alikuwa yeye. Mchana mmoja mwigizaji yule aliingia kibandani mwake na sare zake za kumetameta, akasema, "Punguza kidogo tu," kisha usingizi ukamchukua. Mkono wa Wembe haujui kidogo. Mtu alipozinduka, wenzake walikuwa nje wakimwita wakamalizie ule upande wa pili wa mlango. Miezi minne sasa Wembe hajamwambia hata mkewe, maana mkewe na Shemeji, dada yake, hawafichani hata ndoto.

"Ila tuseme kweli," akasema Betri, "kazi ni safi. Hakuna hata kipele. Wembe, isije ikawa ni wewe."

"Mimi? Hata simfahamu."

"Siye huyu," akasema Rula, akiitazama picha ya Nahodha gazetini. "Mkono mwepesi hivi anao mmoja tu: yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara."

Wembe akajikumbusha kwamba mdomo uliponza kichwa.

"Kumbe!" akasema Betri. "Basi kesho naenda kwake."

"Yule?" Wembe akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Yule anayekata watu masikio? Ile ni kazi yangu! Nilianzia sikio la kulia, nikashuka mpaka shingoni, na mtu anakoroma!"

Kijiwe kizima kikamgeukia. Shemeji hakupaza sauti. Alikichukua kikombe mkononi mwa shemeji yake, akamwaga kahawa, akakisuuza, akakiweka kando. Wembe akabaki na vidole vimekunjika hewani.

Rula akachomoa penseli sikioni, akaandika pembeni mwa gazeti.

"La arobaini na mbili: kinyozi alikuwa na kikombe, ghafla hana."

"Kimeelea," akasema Betri, akikivuta chake kifuani.