Yah: Maombi ya Kuondolewa Kwenye Zamu ya Tembo

Mzee Marwa, Mwenyekiti wa Kijiji,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mahindi yako bado yamesimama. Yangu yamesimama, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kama unavyojua, mimi ni mwalimu wa hisabati, umri miaka hamsini na mmoja, mtu wa kuja. Tangu Raphael aoe akahamia Musoma, kwaya yetu haina mpiga drams. Nikajitolea. Mama Getruda, kiongozi wa kwaya, akaniachia drams nikajifunzie nyumbani kwa video za simu, akasema nikiiva nitapiga Sikukuu ya Mavuno. Wakati najifunza, mkutano wa kijiji ukakaa bila mimi na kuniandika kwenye zamu ya kufukuza tembo: Heche na tochi, Hezekia na vuvuzela, Mwalimu Ngeleja na makelele yake.

Mzee wangu, nimeumia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "makelele". Ule ni wimbo wa kwaya, ubeti wa kwanza. Nakiri kwamba mguu wangu wa kulia na mkono wangu wa kushoto bado hawajafahamiana. Nakiri pia kwamba nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, lakini nikikaa kwenye ngoma nahesabu moja, mbili, tatu, halafu nne inanikuta njiani. Hata hivyo, anayejifunza si sawa na anayegonga debe.

2. Siku ya kwanza ya mazoezi, saa kumi na moja jioni, majirani walisikia wakadhani nimeona tembo. Wakatoka na madebe na sufuria, wakajiunga. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama video inavyoelekeza, na kwa dakika ishirini niliamini nimepata bendi. Nilipofumbua, ua wote ulikuwa umejaa watu na mbwa. Hakuna aliyeomba radhi. Waliuliza tu tembo wameelekea wapi.

3. Waisiko, ambaye shamba lake limepakana na langu, hunisifu hadharani. Jumamosi sokoni alipaza sauti: "Mwalimu, ile ya jana mbaya kweli! Mungu akuzidishie!" Mama Getruda alikuwa palepale anapimiwa dagaa. Amesema wazi kwamba anayefukuza tembo atafukuza na waumini. Sikukuu ya Mavuno naiona inanitoka mkononi.

4. Video ilishauri ngoma zifunikwe blanketi kupunguza sauti. Nikafunika, kwa heshima ya majirani. Kesho yake Hezekia, katibu wa zamu, alikuja kuzifunua, akaandika kwenye daftari kwamba nahujumu ulinzi wa kijiji. Mke wangu Rhoda alirudishiwa mablanketi yake, na tangu hapo yuko upande wenu.

5. Tembo wenyewe. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wanaondoka kabla ya kiitikio, na kiitikio ndicho ninachokiweza! Mnyama aliyesikia ubeti mmoja ananihukumu kwa haki gani? Naomba kijiji kiwaandikie watu wa hifadhi ili tembo wafundishwe kusikiliza mpaka mwisho. Ikishindikana, basi waje wakiwa wameshiba, maana mwenye njaa hana subira na muziki.

Kwa hiyo naomba jina langu lifutwe kwenye zamu, na niandikiwe barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni mwanamuziki, igongwe mhuri, nikamwonyeshe Mama Getruda. Najua mhuri unakaa mfukoni mwa koti lako, hivyo ofisi si lazima ifunguliwe.

Nisalimie mama, Heche na tochi yake, Waisiko pia ingawa hastahili, na wote waliokuja na madebe siku ile. Ukweli usemwe, walishika mapigo kuliko mimi.

Wako mwenye vijiti,

Mwl. Ngeleja Masalu

N.B. Barua hii imelala mezani siku nne, na kabla sijaileta, Hezekia amepita kunijulisha kwamba nimeshaondolewa kwenye zamu. Juzi tembo watatu hawakukimbia. Walisimama katika mahindi ya Waisiko, masikio yanapepea, wakasikiliza ubeti, kiitikio na ubeti wa pili, huku wanakula. Mama Getruda alikuwa barabarani akasikia. Amesema nimeiva, nitapiga Sikukuu ya Mavuno. Nilifurahi sana, Mzee wangu, mpaka nilipohesabu mistari ya mahindi iliyobaki, na safari hii sikukosea hesabu. Jana walivuka mpaka wakaingia kwangu. Kwa mwendo huu, siku ya sikukuu tutapeleka nini madhabahuni? Tafadhali nirudishe kwenye zamu leo, kabla jua halijazama. Mguu umeshazoea, lakini naahidi kupiga vibaya kadiri Mungu atakavyonijalia.