Gari Lenu Halijaniharibikia Hata Mara Moja

Ndugu Mhariri wa jarida la magari,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na gari lako likiwa limekuacha njiani angalau mara mbili mwezi huu. Sikuombei mabaya. Utanielewa nikifika lalamiko la nne.

Mimi ni mkaguzi wa mizani za madukani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kupita na mawe ya kupimia kuhakikisha kilo ni kilo, kwa hiyo naheshimu vipimo. Mlipochapa lile jedwali la magari mapya kumi na manne ya makampuni mbalimbali, kuanzia lisilosumbua kabisa hadi lile ambalo afadhali mtu atembee, nililikata kwa mkasi, nikalibandika kwenye friji, kisha nikanunua namba moja. Jirani yangu, fundi cherehani, alisoma jedwali hilohilo akanunua namba kumi na nne, kwa kuwa alipenda rangi yake. Nilimcheka mpaka nikakaa chini.

Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Gari halijaharibika. Miezi kumi na minne, halijakohoa hata kidogo. Fundi wa gereji, aliyekuwa akinipa kiti na habari zote za mjini, siku hizi tukikutana ananisalimia kwa adabu, kama mgeni.

2. Sina tena kisingizio. Nikichelewa kazini, bosi ananiuliza kwani gari si lile la kwenye jedwali. Jedwali nilimwonyesha mwenyewe, kwa majivuno. Ukweni nako, zamani radieta ilinitetea Jumapili mbili kati ya nne. Sasa nafika kila Jumapili, tena mapema, namsaidia mama mkwe kupanga viti.

3. Nimeshindwa uchaguzi. Mtaa wetu ulikuwa unachagua mwenyekiti, nami nikaandaa hotuba ya kurasa sita na chati. Fundi cherehani hakuandaa chochote. Ila gari lake huzimika kila kukicha kwenye kona ya duka la dawa, na hakuna mtu mtaani ambaye hajalisukuma. Mwalimu mkuu amelisukuma akiwa na tai shingoni. Watu wakisukuma huongea, wakiongea hucheka, na yeye anajua mtoto wa nani amefaulu na nani anaumwa mgongo, maana huyo humpa usukani. Alipata kura sitini na tatu. Mimi nilipata moja, na niliipiga mwenyewe. Mke wangu naye alipiga kura siku hiyo, Mhariri. Nilimwona kwenye foleni, na kalamu aliyotumia nilimpa mimi.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Mke wangu ni mkunga, na kila asubuhi nampeleka zahanati. Gari letu la zamani lilikuwa likichemka kwenye mlima wa kiwanda cha mbao. Tulishuka, tukakaa kwenye kiukuta cha kiwanda tukisubiri lipoe. Kwenye kiukuta kile tulichagua majina ya watoto wetu wote wawili, tuligombana kuhusu mama yake, tukapatana, tukagombana tena. Sasa watoto wako shule za bweni na safari ni dakika kumi na mbili. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma. Anasema, “Haya, baadaye,” na mlango wa gari lenu namba moja unajifunga taratibu. Juzi nilihesabu maneno yetu ya njia nzima. Yalikuwa tisa, na matatu nilikuwa naiambia taa nyekundu. Inaniuma, Mhariri. Nimemkumbuka mke wangu, na analala ubavuni mwangu.

Kwa hiyo naomba jedwali lenu lipinduliwe, la mwisho liwe la kwanza. Kampuni ya namba moja iamriwe kuweka hitilafu moja ndogo kila wiki, mbali kabisa na breki. Kampuni ya namba kumi na nne itunukiwe cheti kwa kulinda ndoa za watu. Na barua hii ichapwe ukurasa wa mbele.

Nisalimie wote hapo ofisini, mfagiaji asisahaulike, na hasa yule aliyelipima gari langu. Mwambie namtafuta kwa wema tu.

Wako ninayefika mapema kila mahali,
Mkaguzi wa Mizani

Tanbihi: Tafadhali usiichape. Leo asubuhi, bahasha ikiwa mfukoni, gari limekataa kuwaka. Tumemsubiri fundi wa gereji tukiwa kizingitini, mimi na mke wangu, saa nzima na nusu. Mke wangu ameniambia kwa nini alimpa kura fundi cherehani: yeye alimwomba, mimi nilimgawia chati. Tumecheka mpaka jirani akachungulia. Nilipohofia kwamba anachelewa kazini, kumbe alikuwa amebadilishana zamu tangu jana. Fundi alipofunua boneti akasema gari ni zima, ila waya wa betri umelegezwa kwa spana namba kumi. Spana hiyo hukaa kwenye droo ya jikoni, na humu ndani tuko wawili tu. Liacheni gari langu namba moja. Nimemwomba fundi aurudishe waya, ila asiukaze sana.