Bafta Yangu ya Kuzikiwa na Rangi Yenu Isiyotoka

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa kazi za mikono,

Pokea salamu, na hongera kwa kunivurugia nyumba bila hata kufika mlangoni. Mimi ni bibi kizee, shule niliiona kwa nje tu, kwa hiyo mimi nasema na mjukuu wangu anaandika. Huyu anayeandika ndiye mshitakiwa mwenyewe. Nimemwonya asiruke neno. Akiruka nitajua, maana mkono wake utasimama na mdomo wangu bado unakwenda.

Wiki tatu zilizopita mlifundisha kupaka rangi ya akriliki kwenye kitambaa. Kitambaa cha nani, hamkusema. Basi sikilizeni.

1. Mlisema kiwe cheupe, cha pamba, kipya. Humu ndani cha namna hiyo ni kimoja tu, bafta yangu ya kuzikiwa, niliyoitunza sandukuni miaka kumi na mmoja, na vidonge vya kufukuza mende ili wasiniwahi. Mjukuu akaitoa, akaifua kwanza itoke wanga, kama mlivyoagiza. Nawashukuru, nitakwenda msafi.

2. Mlisema chini iwekwe kadibodi, rangi isipenye. Kadibodi hatuna. Akatandika ile picha ya kifua changu niliyopigwa hospitali. Rangi ikapenya. Nilipokwenda kliniki, daktari akaiinua dirishani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Mama yake yule daktari namfahamu, mtu mwema, ila anapenda kukopa sufuria, hilo tuliache. Akaniuliza kwa upole, "Bibi, umewahi kumeza kitu cha bluu?"

3. Angechora ua, ningenyamaza. Kamchora babu yake, marehemu mume wangu, yuko juu ya baiskeli, na mimi nimekaa nyuma nimepakata kuku. Mume wangu hakunipakia baiskeli hata siku moja. Alisema nitampindia rimu. Leo amekufa ndiyo kawa muungwana. Tena kapunguzwa tumbo.

4. Rangi haitoki. Nimeloweka siku mbili, nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Mzee kanikodolea macho vilevile, kama enzi zile nikichelewesha chai. Fundi cherehani wa jirani nilimwonyesha, akasema hii si ya kuzikiwa tena, ni ya kutundika ukutani. Nikamuuliza, na mimi nitundikwe wapi.

5. Hili ndilo kubwa. Nikivishwa bafta hii, waombolezaji watacheka. Wakicheka, hakuna wa kunililia. Asiyeliliwa hajafa, kaondoka tu kama mgeni aliyekosa kiti. Kwa hiyo siwezi kufa. Na kwa kuwa ninyi ndio mlionizuia kufa, kunilisha ni juu yenu tangu leo mpaka jambo hili liishe. Sili sana. Asubuhi nakunywa uji, usiwe na mabonge.

Naomba basi mtangaze, ukurasa uleule, kwamba rangi hiyo ni marufuku katika nyumba yenye mzee. Na mniletee bafta mpya, yadi sita, msinipunje kwa kuwa nimesinyaa.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepanga picha, anayefagia, anayepokea simu na kusema subiri. Huyo aliyeandika somo naye msalimie, ila awe wa mwisho.

Ni mimi niliyezuiwa kufa,
Bibi wa mlango wa kijani

Nyongeza: Hapa anaandika fundi cherehani, anayesema ni mimi yuleyule. Mjukuu nimemtuma sabuni, sitaki asikie. Bafta mpya msilete. Namba nne ni uongo, maji hayajaigusa tangu ichorwe. Ila kila asubuhi naifungua niitazame, halafu naikunja, na pale kwenye kunjo, usoni kwa mzee, rangi imeanza kupasuka. Mlisema ikikauka ipigwe pasi upande wa nyuma ndipo ishike. Mjukuu alitaka kuipiga, nikamnyang'anya pasi kwa hasira. Je, baada ya wiki tatu bado inafaa? Na pasi iwe ya moto kiasi gani? Nijibuni upesi, tafadhalini. Mara ya kwanza mzee aliponiondokea sikujua wa kumwandikia.