Naomba na Mimi Kadi ya Wajawazito

Pongwe, Tanga

Ndugu Daktari Masoud,

Kosa wanalofanya wengi ni kupokea karatasi ya maabara, kuikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Karatasi ya mkwe wangu Leticia, mwenye mimba ya wiki kumi, nimeisoma, na ndiyo maana nalalamika.

Nieleze kwanza, maana umezoea wagonjwa wasiouliza. Tezi ya shingoni ni kibarua wa shamba la mkonge. Ubongo humtuma mnyapara amhimize. Kibarua akizembea, mnyapara huzidisha kelele, na kelele hizo ndizo maabara huzipima. Za Leticia ni 3.8. Karatasi inasema kawaida ni 0.4 hadi 4.5.

1. Leticia amefaulu, nawe umemwongezea vidonge vya tezi anavyomeza tangu kabla ya mimba. Tangu lini aliyefaulu akapewa adhabu?

2. Nilikwenda kupimwa mwenyewe, mzee wa miaka sabini na mmoja. Nikapata 3.8 ile ile, na sikupewa hata nusu kidonge. Mke wangu Anastazia aliponiona na karatasi aliuliza kwa sauti, "Mwalimu, na yako ni ya wiki ngapi?" Majirani walisikia.

3. Unadai mtoto wa wiki kumi bado hajiwezi kwa homoni ya tezi, hivyo ubongo wake hujengwa kwa ile ya mama. Yaani mjukuu wangu, hata jina hana, umeshamwita kupe.

4. Muuguzi wako anasema mjamzito asiyetumia vidonge akishuka hadi 0.2 miezi ya mwanzo, huenda ni kawaida tu, kwa kuwa mimba yenyewe humsukuma kibarua na mnyapara hupumzika. Basi wa 3.8 anatibiwa, wa 0.2 anapongezwa! Shule gani hiyo?

Naomba haki sawa. Ama Leticia apunguziwe, ama nami niandikishwe kliniki ya wajawazito, nipewe kadi, vidonge na chandarua. Hadi utakaponijibu, vidonge vya nyongeza nimevifungia kabatini mwangu tangu Jumatatu. Leticia hakubisha. Alisema tu, "Sawa, baba," akashika tumbo.

Nisalimie wauguzi wote, dada wa dirisha la dawa, na mlinzi aliyenitafutia nafasi kwenye benchi la akina mama.

Ni mimi, niliyetulia na mwenye haki,
Mwalimu Castory

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, Anastazia ameikunjua karatasi ya Leticia yote. Chini ya mkunjo kuna mstari mdogo: viwango hivi ni vya watu wazima wasio wajawazito. Mkunjo ni wangu. Kabati nimelifungua, na Leticia amemeza dozi yake kamili mbele yangu, lakini siku nne zimeshapotea. Hayo ya juu yote yafute, pamoja na chandarua. Aliyekuletea barua hii ni Leticia mwenyewe. Mpime leo.