Andiko Namba Saba

Walisema sitaweza kusimamia hata kibanda cha soda pale Mabatini. Nilipokwenda Bombay kwa nauli ya jasho langu, wakasema nitarudi na mabegi matupu. Nimerudi na diploma, na sasa ni mratibu wa mfuko wa serikali unaogharimia utafiti wa teknolojia huku kwetu Kanda ya Ziwa. (Kaimu mratibu. Nilikuwa kaimu hadi leo mchana.) Nawaandikia nyote wa nyumbani barua moja, nimeitoa fotokopi, ili mlisikie kwangu kabla halijafika sokoni Mkuyuni: leo nimeumbuka.

Asubuhi aliingia Mama Mkurugenzi kutoka wizarani. Mnajua hali ilivyo, kila ofisi inapunguza watu. Alikuja kuamua kama nithibitishwe au nirudi mtaani. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikasema, "Mama, maandiko yote ya waombaji wa fedha nimeyasoma mwenyewe, neno kwa neno." (Nilikuwa nimehesabu majalada.)

Nikamweleza utaratibu niliouweka. Andiko likiingia, Mama Adventina wa masijala analipatia namba, anachomoa ukurasa wenye jina na kuufungia kwenye bahasha. Sisi tunaopima hatumjui mwombaji. Hakuna shemeji, hakuna mtoto wa mjomba. Mama Mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikajiona nimeshathibitishwa.

Tukaanza kupima, mimi na Mzee Masanja, injinia mstaafu wa kiwanda cha pamba kule Misungwi. Sita ya kwanza yalipita bila shida. La saba lilihusu kikaushio cha dagaa kinachotumia jua. Mzee akavua miwani.

"Huyu anataka mkurugenzi mmoja, manaibu wawili, katibu muhtasi na madereva wawili. Mtafiti ni mmoja, tena wa muda. Sasa mratibu, hao dagaa atawaanika nani?"

Mama Mkurugenzi alicheka hadi akashika meza. Mimi nikafunua nakala yangu. Andiko lilikuwa langu. Nililiandika mwezi uliopita liwe mfano kwa waombaji, waone mtu aliyesoma anavyoandika.

Ningesema pale pale, yangeisha. Lakini nilishajigamba kwamba nimeyasoma yote. Nikalipatia alama tisini na mbili. Mzee alikuwa amelipatia kumi na nane.

"Nieleweshe, kijana," akasema. "Labda ni uzee wangu."

"Mzee, utafiti bila uongozi imara hauendi. Mwandishi huyu anaonekana ametembea."

"Ametembea, sikatai. Ila dagaa hajawahi kuwaona."

(Nimezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani.)

Mama Mkurugenzi hakucheka tena. Akasema kwa tofauti hiyo ya alama ananusa undugu hapa, bahasha ifunguliwe. Nikasema utaratibu hauruhusu. Akasema yeye anaruhusu. Mama Adventina akaitwa, akaichana, akasoma jina langu la ubatizo, la baba na la babu, kisha akamalizia, "Diploma, Bombay."

Nikanyoosha mkono kuuchukua ule ukurasa.

"Mama Adventina, ule ulikuwa mfano tu," nikasema.

"Uliuacha kwenye trei, bosi. Na uliniambia kilichomo kwenye trei kipewe namba, nisiulize ni cha nani."

Hapo Mama Mkurugenzi akatoa leso kufuta machozi ya kicheko. "Utaratibu unaomkamata hata aliyeutunga, nautaka kila mkoa," akasema. "Nakuthibitisha. Lakini asubuhi umenidanganya: ungeyasoma yote, ungelikuta lako. Kuanzia leo utasoma kila andiko, na Mzee Masanja atakuuliza maswali kabla hamjapima."

Mzee alikubali kwa furaha ambayo sikuipenda.

Kwa hiyo nimethibitishwa, na wale wa kibanda cha soda wapelekewe salamu. Limebaki jambo moja. Kwa utaratibu wangu, kila anayekataliwa hupewa barua ya sababu iliyosainiwa na mratibu. Mchana huu nimekaa nikajiandikia: "Ndugu, tunasikitika kukuarifu." Sababu nimezitaja zote, pamoja na madereva. Kisha Mama Adventina akaniita dirishani kwake nisaini kwamba nimeipokea.

Barua inanipa siku kumi na nne za kukata rufaa. Sikati. Anayesikiliza rufaa ni Mzee Masanja.