Mzee Nyuzi na Mkono Usiotoka

Duniani kuna watu wanaopiga gitaa, halafu kuna Mzee Nyuzi. Hayo aliyasema mwenyewe. Aliyasema kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kwenye foleni ya benki, na siku moja alimwambia daktari wa meno huku koleo limo mdomoni!

Gitaa lake lilikuwa gitaa kavu, la mbao tupu, lenye tumbo pana la rangi ya asali. Alilipa jina la Bi Mkubwa, kwa sababu liliingia nyumbani kabla ya mkewe. Mkewe, mshona nguo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alishalizoea jina hilo. Alichoshindwa kukizoea ni kwamba Bi Mkubwa alikuwa na kiti chake sebuleni, chenye mto, na wageni wakija ni wao wanaosimama.

"Mimi situngi nyimbo," Nyuzi alipenda kusema, macho ameyafumba nusu kama mtu anayenusa manukato. "Mtunzi ni Bi Mkubwa. Nyimbo zimo humo tumboni. Kazi yangu mimi ni kusubiri ajifungue."

Tatizo ni kwamba Bi Mkubwa alikuwa hajajifungua kwa miaka chungu nzima. Bendi yake ilizirudia nyimbo zilezile mpaka mpiga ngoma akawa anazipiga usingizini, tena bila kukosea.

"Mimba gani hiyo?" mkewe alimuuliza. "Hata tembo huzaa, baba."

"Sanaa haiharakishwi!"

"Isiharakishwe, sawa. Lakini si itembee kidogo?"

Basi wiki moja kiongozi wa bendi akaja nyumbani. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta aliyejaliwa mashavu kama maputo, na watu walimwita Mashavu, hata mama yake mzazi. Hakuketi. Kiti kilikuwa na mwenyewe.

"Jumamosi namwoza binti yangu," alisema. "Nimewaahidi wakwe wimbo mpya, ambao haujasikika popote. Ukiukosa, Mzee Nyuzi, tuheshimiane tu. Nafasi ya solo nampa mpiga rizimu."

Mpiga rizimu! Yule wa gitaa la kusindikiza, ambaye Nyuzi alimwita mkuna upele, kwa jinsi alivyozichana nyuzi! Nyuzi alicheka kicheko kirefu cha dharau, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akafunga mlango, kisha akakaa chini sakafuni.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alimbembeleza Bi Mkubwa, akamfuta vumbi, akamwekea nyuzi mpya, akamweka dirishani apate hewa. Wapi! Kila alipogusa, kilichotoka ni wimbo wa zamani uliovaa kofia mpya. Na hapo, kwa mara ya kwanza, wazo baya likampitia kichwani: labda tumboni mle hamna kitu. Labda hamkuwahi kuwa na kitu. Alilifukuza wazo hilo haraka kama unavyofukuza mbu, nalo likarudi kama mbu.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, akapata akili mpya. Kama nyimbo zimo ndani, si zirekodiwe zikiwa humo humo? Alikuwa na kisimu cha vitufe, kidogo, chenye uwezo wa kurekodi na sauti ya kuamsha mtaa. Akalegeza nyuzi zikawa kama kamba za kuanikia nguo, akakibonyeza kirekodi, akakipenyeza ndani ya tundu la gitaa. Kisha akaketi, akafumba macho, akasubiri ufunuo.

Ufunuo ulikuja kwa sura ya usingizi mzito.

Aliposhtuka, jua lilikuwa limeshapanda na arusi inanukia. Akampindua Bi Mkubwa ili simu itoke. Akatikisa. Krakacha! Krakacha! Simu ikazunguka mle ndani kama njugu kwenye kopo, tundu inaliona, kutoka inakataa. Nyuzi akaguna, akakunja mkono wa shati, akasukuma nyuzi kando, akaingiza mkono wa kulia.

Mkono uliingia vizuri sana. Uliingia kama uliokuwa unatarajiwa.

Kutoka sasa!

Kidoleni alikuwa amevaa pete yake ya jukwaani, lipete la shaba lenye jiwe la kioo ukubwa wa gololi, ambalo alidai huwapofua washindani. Pete hiyo ilijipachika nyuma ya ubao mwembamba ulioshikilia tumbo la gitaa kwa ndani. Akivuta, inauma. Akizungusha, inauma zaidi. Na kiganja, kwa kuvutwavutwa, kikaanza kuvimba.

"Mama!" aliita kwa sauti ndogo. "Mama, hebu njoo mara moja."

Mkewe alitokea na sindano mdomoni. Akamtazama mumewe. Akamtazama Bi Mkubwa. Akaitoa sindano taratibu asije akaimeza kwa kicheko.

"Si ulisema wewe na huyu ni mwili mmoja?"

"Acha mzaha! Nitoe!"

Wakajaribu sabuni, lakini maji yakaishia juu ya mbao na mkono ukabaki pale pale. Wakajaribu mafuta ya kupikia. Ikawa sasa mkono umekwama na unanukia kama maandazi. Mkewe akamwita fundi seremala wa nyumba ya jirani, naye akaja na msumeno kabisa, penseli iko sikioni.

"Ah, hili dogo," fundi alisema, akachora mstari kwenye tumbo la gitaa. "Nakata hapa, nakuja hapa, kwisha."

"Ukimkata Bi Mkubwa, nikate mimi kwanza!" Nyuzi alifoka.

Fundi akaitoa penseli tena. "Sawa. Nianzie kwenye kiwiko au begani?"

Kabla ugomvi haujanoga, tumbo la Bi Mkubwa likaanza kuimba! Fundi aliruka nyuma mpaka akagonga kabati. Ilikuwa simu. Nyuzi akaipapasa mle gizani, akatambua kitufe kwa kidole gumba, akapokea. Kichwa akakiinamisha tunduni.

"Halo!"

"Nyuzi!" sauti ya Mashavu ilitoka tumboni. "Mbona unasikika kama uko kisimani? Wageni wameshaanza kuingia! Wimbo upo?"

Nyuzi angeweza kusema ukweli. Lakini alimwona mpiga rizimu akilini, amesimama katikati ya jukwaa, anachana.

"Wimbo upo," alisema. "Upo ndani kabisa."

Hivyo ndivyo Mzee Nyuzi alivyokwenda arusini akiwa na gitaa mkononi, au tuseme mkono gitaani. Mkewe alimtupia shuka juu yake. Dereva wa teksi alimtazama kwenye kioo kwa huruma.

"Pole sana, mzee. Umevunjika?"

"Nimeungana," Nyuzi alijibu, akageuzia uso dirishani.

Ukumbini, nyuma ya jukwaa, Mashavu alilifunua shuka, na mashavu yake yakaishiwa upepo.

"Hii nini?"

"Mtindo mpya," Nyuzi alisema, kidevu juu. "Nimeufanyia kazi miaka na miaka. Ndiyo maana nilikuwa kimya."

"Nyuzi zimelegea!"

"Ndiyo mtindo wenyewe."

"Na mkono umo ndani!"

"Wewe piga tarumbeta, mwenzangu. Mambo ya ndani niachie mimi."

Maneno makubwa! Lakini alipopanda jukwaani na taa zikamwangukia, na maharusi wakatulia, na wakwe wakakunja mikono wakingoja hicho kitu kisichosikika popote, Nyuzi alihisi tumbo lake mwenyewe limekuwa gitaa: tupu, na upepo unapita. Miaka yote alikuwa na vidole vya kumsemea. Sasa vitano vimefungwa na vitano vingine vimeshika shingo ya gitaa lisilolia. Hofu ikamshika. Mkono ule wa ndani ukaanza kutetemeka.

Du-du. Du-du-du. Ngumi ilikuwa inagonga mbao.

Mpiga ngoma alifumbua macho, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Akasikiliza. Akajibu kwa fimbo moja. Mpiga besi akaingia polepole kama mtu anayeonja supu. Nyuzi zilizolegea zikanguruma zrrr, zrrr, kama nyuki waliokasirishwa, na Nyuzi, kwa kukosa la kufanya, akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Lo! Mle ndani mlikuwa na sauti! Nene, ya chini, inayopanda mpaka kwenye kiwiko. Akasahau wakwe. Akasahau kidevu chake kilikuwa wapi. Akawa kama mtoto aliyepewa debe na kuambiwa wazazi wametoka.

Halafu pete ikauma.

"Nitoe!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti, akimtazama mkewe aliyekaa meza ya mbele. "Nitoe, mama, nitoe!"

"Tulia kwanza!" mkewe akamjibu kwa nguvu.

Ukumbi ukadhani ndiyo mashairi.

"Nitoe, mama, nitoe!"

"TULIA KWANZA!" waliitikia watu wote, na meza zikasukumwa pembeni. Bwana arusi alivua koti. Mama mkwe alivua viatu. Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake akaingia katikati. Mashavu akapuliza tarumbeta mpaka macho yakataka kutoka, na mpiga rizimu, jamani, alizichana nyuzi utadhani upele umempata kweli.

Katikati ya raha hiyo, jasho lilimtiririka Nyuzi toka begani mpaka kidoleni. Kilichoshindikana kwa sabuni na mafuta kikawezekana kwa jasho. Pete ikavuka kidole, ikabaki ndani. Mkono ukachomoka, pwaa!

Watu wakasimama na miguu yao hewani.

"Nimetoka!" Nyuzi alitangaza huku akiuchezesha mkono juu. Na hapo hapo kiburi kikarudi mahali pake. Sasa watamjua! Akamnyang'anya mpiga rizimu gitaa lake la umeme, akafumba macho nusu, akaachia solo yake ile ndefu, yenye kupanda, kushuka, kuzunguka na kulia. Aliipiga bila kosa hata moja.

Bwana arusi alivaa koti. Mpishi alirudi jikoni. Watu walianza kuulizana choo kiko upande gani. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akapiga miayo, wenzake wakamfuata.

Mashavu alisogea sikioni. "Mzee Nyuzi."

"Unaona vidole hivi?"

"Naviona. Rudisha mkono."

"Nini?"

"Rudisha mkono ndani, nakuomba. Wakwe wanaondoka."

Nyuzi aliutazama ukumbi. Akamtazama mkewe, ambaye alishalisogelea jukwaa na kuzishika zile nyuzi za Bi Mkubwa zilizolegea, amezipanua kama anavyopanua shati mteja aingize kichwa. Akashusha pumzi. Akaingiza mkono.

Ukumbi ulilipuka! Wakaimba "Nitoe" na kuirudia, wakairudia tena, mpaka jua likazama na maharusi wakasahau kukata keki.

Mwisho wa yote, Nyuzi akiwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, kiganja chekundu kama nyanya, alikuja shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye viatu mkononi na furaha usoni. Akakishika kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Baba, maisha yangu yote sijaona mpiga ngoma kama wewe!"

Nyuzi alikohoa. "Kwa kweli, mama, mimi ni..."

"Hebu ngoja nione." Akavigeuza vidole vyake, akavikagua kimoja kimoja, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vidole virefu hivi! Mbona hujawahi kujifunza gitaa?"

Nyuzi alifungua mdomo. Mkewe akamtangulia.

"Tunamtafutia mwalimu," mkewe alimjibu.