Kopo Lililogonga Ndani

Wandugu, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena kwa kitu ninachojidai kukijua. Nawaandikia nyote kwa pamoja kutoka cyber ya hapa mtaani, kabla habari haijawafikia ikiwa imetiwa chumvi. Chumvi iliyomo tayari inatosha.

Mnajua nilivyokuwa Kisumu. Miaka yote ile juu ya gari la matangazo, nikibandika picha za ile bia nyeusi ya Waairishi kwenye kuta za baa na kuwagawia walevi fulana. Basi nilipofika huku Birmingham nikakutana na Bwana Surinder, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye duka hapa Winson Green. Nikammwagia historia yote: kiwanda cha Dublin, ardhi waliyoikodi kwa miaka elfu tisa, enzi zile matangazo ya hapa yalipowaambia watu kwamba bia hiyo ni nzuri kwa afya. (Nilijisikia profesa.) Akavutiwa. Akaniambia nije leo nijaribiwe, nikifaulu anipe kazi ya kusimamia bia zote dukani. Tangu nifike sina kazi, nalala kwenye kochi la binamu yangu Beatrice, na siku hizi Beatrice akinipa chai ananipa na maswali. Niliitaka kazi hiyo sana.

Kazi ya kwanza ikawa kubandika dirishani tangazo jipya la bia ileile. Hapo nilionyesha ufundi. Halikukunjika hata pembe moja. Kazi ya pili ilikuwa kupanga makopo kwenye rafu, na balaa langu likaanzia hapo. Kwetu nilizoea ya chupa. Kopo lake sikuwahi kulishika, maana Beatrice ameokoka na pombe haivuki mlango wake. Nikainua kopo la kwanza. Kitu kikagonga ndani.

Nikalitikisa. Kikagonga tena!

Sasa, mtu wa kwetu akiona kitu ndani ya chupa anajua la kufanya. Hafungui. Anaishika hivyohivyo, anatafuta mashahidi, ndipo anawaendea wenye kiwanda. Sote tumekua na hadithi za mende kwenye soda, na za jirani wa rafiki wa mtu fulani aliyefidiwa makreti kwa makreti. Nikainua kopo la pili. Kimo. La tatu, kimo. Nikatikisa rafu nzima, nikashusha makopo yote sakafuni, nikasimama mbele yake kama askari wa gereza.

Na leo ni Jumamosi, foleni imefika mlangoni. Nikawatangazia kwa Kiingereza changu cha sauti kubwa kwamba bia hii isinunuliwe, kuna uchafu ndani. Mama mmoja akarudisha lake. (Moyoni nikajipongeza, nimeokoa maisha.) Bwana Surinder akatoka nyuma ya kaunta, akaniuliza polepole ninafanya nini.

"Kiwanda kimeharibu, Bwana Surinder," nikamwambia. "Kila kopo lina kitu. Fungua hili ujionee mwenyewe."

Nikampa lile nililolitikisa kuliko yote. Akafungua.

Povu lilimpiga kwenye ndevu, likapanda hadi kwenye kilemba, likashuka hadi kwenye shati. Mzee mmoja Mwairishi aliyekuwa kwenye foleni akanijia, akaniuliza kwa upole kama ni mara yangu ya kwanza kushika bia hii ya kopo. Kisha akanieleza. Ndani ya kila kopo wanaweka kipira cha plastiki chenye gesi. Ukifungua, gesi inatoka na bia inapata povu kama lile la baa. Wanakiweka makusudi. Wanajivunia. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanionyesha dirisha.

Lile tangazo langu. Limenyooka vizuri. Na katikati yake wamechora kipira, kikubwa kama tikiti maji, na maelezo yake chini.

Bwana Surinder alikuwa ametufuata, bado povu linamdondoka.

"Wewe hukusoma hii?"

"Kule Kisumu nilikuwa nabandika tu," nikajibu.

Foleni ikaangua kicheko. Mama aliyerudisha kopo akalifuata tena sakafuni, nikamsihi asilifungue leo. Bwana Surinder hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Amevaa kilemba kizuri Jumamosi, mimi nimekiogesha bia. Nilipiga deki duka zima nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaomba msamaha mpaka akaniambia ninyamaze. Nikavaa koti langu niende zangu. Nilishaanza kutunga nitakavyomweleza Beatrice.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Jumatatu kuja. Lakini bia usiguse. Wewe utakaa kwa vitunguu."

Nimekubali, wandugu. Kwenye vitunguu mtu akitokwa na machozi, hakuna anayemuuliza kwa nini.